Kutoka Vuga Hadi Misfala: Riba Iliyonifuata Safarini

Msafiri atokaye Mombo kwenda Lushoto huanza kupanda mlima mara tu aiachapo barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Nyuma yake hubaki joto la tambarare na mashamba ya mkonge. Mbele yake barabara hujipinda ubavuni mwa mlima, maji yakinguruma bondeni, mpaka afike Soni penye maporomoko. Hapo hewa hubadilika na watu huvaa makoti. Ajaye Vuga huachana na wenzake wa Lushoto hapo Soni, akashika njia ya vumbi ipitayo baina ya migomba, mibuni na matuta ya maharage yaliyolimwa kwenye miteremko ambayo mgeni hudhani ni mbuzi tu wawezao kusimama.

Vuga ya leo ni kata yenye vijiji, misikiti, makanisa, shule na masoko. Anayeijua historia hukumbuka kwamba hapa palikuwa makao ya wafalme wa Kilindi walioitawala Usambara. Mbegha ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ukoo huo, na ufalme ulifikia upeo wake chini ya Kimweri ya Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Krapf, mmisionari, alifika hapa mwaka 1848, akarudi mwaka 1852. Burton na Speke walifika mwaka 1857. Baada ya Kimweri kufariki, wanawe na wajukuu wake waligombea ufalme, na Vuga ikachomwa moto. Nyumba zilikuwa za miti na nyasi, kwa hiyo mji ule haukuacha magofu ya mawe kama Kilwa. Ulichoacha ni habari, na habari hizo tunazo kwa sababu Mwislamu mmoja aliyeishi na Wakilindi, Abdallah bin Hemedi, aliziandika kwa Kiswahili.

Nimeitanguliza historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa Vuga hawakuanza jana kusafiri wala kukopa. Pembe za ndovu ziliteremka kutoka bara kuelekea Pangani, nguo za merikani zikapanda, na misafara mingi ya pwani katika zama hizo iliondoka kwa mali ya mkopo iliyotolewa na matajiri wa Unguja. Msafiri alirejea na faida au alirejea na deni. Pili, mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Kazi yangu ni kuandika, na jambo ninalotaka kuliandika leo ni kosa langu mwenyewe.

Safari ya watu kumi na wawili

Tuliondoka Vuga watu 12 kwenda Umra, mimi nikiwa kiongozi wa kundi. Tuliswali Alfajiri msikitini, ukungu ukiwa umeshuka hadi mlangoni, kisha tukapakia mabegi kwenye gari lililotuteremsha Mombo kupanda basi. Wengi wa wasafiri wale walikuwa wakulima. Kila mmoja alikuwa na mkanda kiunoni uliotiwa dola au riali zilizotokana na kahawa, mboga na miti ya mbao, akiba ya miaka mingi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na kadi ya mkopo. Benki moja, ambayo sitaitaja, ilinipa kadi hiyo wakati nilipofungua akaunti ya mshahara, nami niliipokea nikijiambia kwamba ni ya kujihami. Nilijua kwamba mtu akinunua kitu kwa kadi hiyo na kulipa deni lote kabla ya siku iliyowekwa, hatozwi riba. Kwa ujuzi huo mdogo nikajiona salama.

Makka tulikaa Misfala, upande wa kusini wa Msikiti Mtukufu, karibu na barabara ya Ibrahim al-Khalil. Anayetoka Vuga hushangaa kwanza kuona milima. Yetu imevaa majani. Ile ya Makka ni mawe matupu, meusi, yenye joto hata baada ya Isha. Lakini mtu wa milimani huizoea haraka, na wazee wetu walipanda na kushuka njia za Misfala bila kulalamika, kwa sababu maisha yao yote ni kupanda na kushuka.

Siku mbili kabla ya kurudi, mama mmoja wa kundi letu, mwenye umri wa miaka sabini na ushei, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali ilimpokea na matibabu yakaendelea. Hata hivyo, asingeweza kusafiri siku ile. Ilibidi mumewe abaki naye, nami nibaki nao. Tiketi tatu zibadilishwe, chumba kiongezwe siku nane, chakula na teksi za kwenda hospitali zilipiwe. Mume wake, mzee aliyenisomesha juzuu ya Amma nikiwa mtoto, alifungua mkanda wake mbele yangu. Zilikuwamo riali 140.

"Katibu mwanangu," akasema, "sina kingine mpaka nifike nyumbani."

Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, baba. Lipo jambo nitakalofanya."

Jambo lenyewe lilikuwa mashine ya ATM iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Nilitoa riali 1,000, kesho yake 1,000 nyingine, na siku ya tatu tena 1,000. Mashine iliniuliza kila mara kama nataka hesabu ifanywe kwa riali au kwa shilingi za Tanzania. Nikachagua shilingi, kwa kuwa ndizo tarakimu ninazozifahamu. Nikatoka pale nikimshukuru Mwenyezi Mungu kwa wepesi ule.

Karatasi ya hesabu

Tulirejea salama, na mama yule leo anatembea kwa mkongojo. Taarifa ya akaunti ilipofika niliisoma mara tatu. Riali 3,000 ni sawa na dola 800, kwani riali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha riali 3.75 tangu mwaka 1986. Kwa bei ya dola ya siku zile, hiyo ilikuwa kama shilingi 2,000,000. Karatasi iliandika 2,090,000, maana kwa kuchagua shilingi niliiruhusu mashine itumie kiwango chake cha ubadilishaji badala ya kile cha mtandao wa kadi. Juu yake ilikuwapo ada ya kutoa fedha taslimu, asilimia 4, yaani shilingi 83,600. Kisha riba, shilingi moja kwa kila elfu moja kwa kila siku, iliyoanza kuhesabiwa siku ile ile niliyotoa fedha. Siku nilipolipa zilikuwa zimetimia siku 47, na riba ilikuwa imepita shilingi 102,000. Kwa jumla, msaada wa shilingi milioni mbili ulikuwa umezaa ziada ya shilingi 275,000 na zaidi.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichopaswa kukijua kabla ya kupanda ndege. Kununua kwa kadi na kutoa fedha kwa kadi ni mikataba miwili tofauti ndani ya kipande kimoja cha plastiki. Mnunuzi hupewa muda wa kulipa bila riba. Mtoaji wa fedha taslimu kwa kawaida hapewi muda huo hata siku moja: riba huanza kukimbia kabla hajazihesabu noti. Benki nyingi huhesabu hivyo hivyo hata unapotumia kadi ya mkopo kununua fedha za kigeni dukani au kutuma fedha, ingawa hukugusa mashine.

Mzee alikuja nyumbani kwangu baada ya kuuza maharage na kahawa yake. Fedha zilikuwa zimefungwa katika kipande cha kanga. Akahesabu shilingi 2,000,000, akaniuliza kama zimetimia. Nilinyamaza kidogo zaidi ya inavyopasa, naye ni mtu mzima, akafahamu.

"Kuna nyingine?" akauliza.

Nikamweleza yote. Aliposikia neno riba, aliweka mkono juu ya fedha zile kama mtu anayezuia zisipeperuke.

"Mwanangu, wenzetu tisa walikuwa chumba cha pili," akasema. "Kila mmoja alikuwa na mkanda. Kwa nini hukuwaambia?"

Sikuwa na jibu, nami sina hadi leo, isipokuwa kwamba niliona haya. Kiongozi wa kundi, mhitimu wa chuo, nipite mlango kwa mlango nikiomba mkopo kwa wakulima! Nilipowauliza baadaye, tisa wale walisema kwamba wangetoa usiku ule ule. Watatu miongoni mwao walirudi Vuga na riali ambazo hawakujua wazifanyie nini. Mkopo mwema, ule usio na ziada, ulikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwangu, nami nikavuka barabara kuutafuta wa riba.

Mzee alitaka kuuza mbuzi alipe na ile ziada. Nilikataa. Mkopo wa benki niliukopa mimi, na masharti yake niliyakubali mimi. Yeye alipokea shilingi milioni mbili, na zaidi ya hizo hana deni langu.

Wanazuoni wamesemaje

Msomaji aweza kusema kwamba hii ni dharura, na dharura huhalalisha. Nami nilijiambia hivyo. Lakini dharura huthibiti pale ambapo njia za halali zimefungwa, na yangu haikufungwa, sikuigonga tu. Surat al-Baqara, kuanzia aya ya 275, inatenganisha waziwazi biashara na riba, na aya ya 280 inamtaka mwenye kudai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohutubia Arafa katika Hija ya kuaga, alitangaza kufutwa kwa riba za zama za ujinga, akaanza na za ami yake Abbas. Arafa si mbali na ile mashine niliyosimama mbele yake.

Kuhusu kadi zenyewe, Majmaa ya Fiq-hi ya Kiislamu ya Kimataifa, yenye makao yake Jidda, ilitoa azimio katika mkutano wake wa 12 uliofanyika Riyadh mwaka 2000. Kwa muhtasari, azimio hilo linasema kwamba haifai kutoa wala kutumia kadi ya mkopo isiyo na salio la mwenyewe ikiwa mkataba wake una sharti la riba, hata kama mtumiaji ameazimia kulipa ndani ya muda wa bure. Aidha, linasema kuwa kutoa fedha taslimu kwa kadi hiyo ni kukopa kwa mwenye kadi. Ada ya kiasi maalumu inayolingana na huduma si riba, ila ada inayopanda kwa ukubwa wa mkopo au urefu wa muda ni riba. Kwa kipimo hicho, tatizo langu halikuwa ile riba ya siku 47 peke yake. Asilimia 4 nayo imo.

Imepokewa pia katika Sahihi Muslim kwamba Mtume aliwalaani mla riba, mlipaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema kuwa wote ni sawa. Mimi niliyezoea kuona hadithi hiyo ikimhusu tajiri wa mjini, safari hii nilijiona humo kama mlipaji. Na kwa kuwa ni katibu, neno mwandishi nalo halikupita hivi hivi masikioni.

Kwa anayejiandaa kusafiri

Niliyajifunza haya kwa gharama. Msomaji ayachukue bure.

Njia iliyo bora ni kusafiri na fedha yako mwenyewe. Kadi ya kawaida ya benki, ile inayotoa fedha katika akaunti yako ya akiba, haina riba kwa sababu hukukopa. Utalipa ada tu, na ada hizo ziulize kabla ya kuondoka. Tanzania ina benki inayofuata sharia kikamilifu, Amana Bank, iliyoanza kazi mwaka 2011, na baadhi ya benki za kawaida zina madirisha ya Kiislamu. Ijulishe benki kuwa unasafiri, hakikisha kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje, na ijaribu namba yako ya siri hapa hapa nyumbani. Mwachie mtu unayemwamini namba ya akaunti, ili shida ikitokea ndugu zako walioko Vuga waweke fedha kwa simu, nawe uzitoe Makka.

Gawanya ulichonacho. Sehemu iwe noti za riali au dola ndani ya mkanda, sehemu ibaki kwenye akaunti. Mwenye dola anajua mapema atapata riali ngapi kwa sababu kiwango hakibadiliki, hivyo ni rahisi kwake kutambua duka linalompunja.

Mbele ya mashine, ikikuuliza uchague riali au shilingi, chagua riali. Na kama ada ya kutoa ni ya kiasi kimoja kwa kila safari, toa mara moja kiasi cha kutosha siku kadhaa, badala ya kidogo kidogo kama nilivyofanya mimi, mradi una mahali salama pa kuweka.

Aliyekwisha kuwa na kadi ya mkopo, na hana nyingine, aweza kuuliza benki kama inaruhusu kuweka fedha zake ndani ya kadi kabla ya safari. Zikiwamo za kutosha, anachotoa ni chake na riba haipati mahali pa kuanzia. Lakini aulize pia kuhusu ada, kwani baadhi ya benki huitoza hata hivyo.

Na aliyekwisha kuanguka, kama nilivyoanguka mimi, asingoje karatasi ya mwisho wa mwezi. Kila siku ina bei yake. Kwa kiwango kile cha shilingi moja kwa elfu, shilingi 1,000,000 iliyokaa siku 50 huzaa 50,000. Ikilipwa siku ya tano huzaa 5,000. Ningempigia ndugu yangu simu usiku ule, angeweza kulipa asubuhi akiwa Soni. Aulize vilevile malipo yake yatafuta deni lipi kwanza, la manunuzi au la fedha taslimu, maana likiachwa la fedha taslimu ndilo linaloendelea kukua. Na asidhani kwamba kuipunguza riba ni kuihalalisha. Kuipunguza ni kama kuzima moto uliokwisha kuwashwa nyumbani. Toba ni kutouwasha tena. Mimi nimelipa, nimemuomba Allah msamaha, na kadi nimeirudisha.

Mfuko wa mkanda

Katika kikao cha kamati kilichofuata niliomba kusema kabla ya ajenda ya kwanza. Niliwaeleza niliyoyaeleza hapa. Nilidhani wataniondoa katika ukatibu, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kuupokea uamuzi huo. Mwenyekiti aliuliza tu swali moja: yule mwingine atakayekwama mwakani, kiongozi wake atabisha mlango gani?

Ndipo ukaanzishwa mfuko mdogo. Kila anayesafiri kutoka kwetu kwenda Umra au Hija huweka humo dola 50 kabla ya kuondoka, na kiongozi huzibeba. Asiyepatwa na shida hurudishiwa dola zake zote hapa Vuga. Aliyepatwa hukopeshwa bila ziada, na mkopo huandikwa mbele ya mashahidi wawili, kwa sababu aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Daftari nalitunza mimi. Mfuko si mkubwa. Watu 12 wanatimiza dola 600, nami nilihitaji 800. Lakini aliyeweka 50 hashindwi kumwambia mwenzake afungue mkanda, na aliyepungukiwa haoni haya kugonga mlango, kwa kuwa mlango umekwisha kufunguliwa kabla ya safari.

Kundi jingine liliondoka wiki iliyopita. Ilikuwa Alfajiri kama ile yetu, ukungu mlangoni, taa za gari zikimulika migomba. Yule mzee alikuja na kuwaaga, mkewe akiwa amebaki nyumbani kwa baridi. Akamkabidhi kiongozi wao dola 50, ingawa yeye haendi popote. Nilipomkumbusha kwamba mfuko ni wa wanaosafiri, alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokosea aya utotoni.

"Andika, katibu," akasema.

Nikaandika. Mwenyezi Mungu awafikishe wasafiri wetu, azikubali ibada zao, na atukinge na haya inayomzuia mtu kuomba cha halali. Wabillahi tawfiq.